Bunduki ya nyundo ya baba mkwe: shajara ya kazi, Liège

14 Oktoba

Leo baba mkwe ameniita sebuleni, akafunua blanketi la sufu lililokuwa juu ya meza. Nimeishi na familia hii miaka kumi na moja nikiisikia tu ikitajwa, na hatimaye nimeiona: bunduki ya marisau ya babu yake. Mitutu miwili imelala ubavu kwa ubavu. Nyuma yake zimeinama nyundo mbili, kama ndege wawili wanaokunywa maji. Kitako cha mbao ya mjozi kimekuwa cheusi kwa mafuta na jasho la mikono ya watu waliokwisha kufa.

Mimi ni seremala. Nilifunzwa na baba yangu Tanga, na hapa Ubelgiji natengeneza samani za kale. Nilimwambia baba mkwe, ambaye namwita Baba, wazi kwamba chuma sikijui kama ninavyoijua mbao. Akanijibu, "Ndiyo maana nimekuita wewe, mwanangu. Fundi wa chuma ataing'arisha."

Kwanza sheria, kabla ya bisibisi. Bunduki imeandikishwa kwa jina la Baba na ina kibali cha gavana wa mkoa, chini ya sheria ya silaha ya tarehe 8 Juni 2006. Haitoki nyumbani kwake. Kazi yote itafanyika kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba, na kila jioni yeye mwenyewe ataifungia kabatini. Tumekubaliana pia kwamba haitapigwa tena, hata mara moja. Tunataka kuijua ni ya lini na ya wapi, kuzuia kutu isiendelee, na kuiacha na uzee wake.

15 Oktoba

Kuifungua. Ilikuwa tupu, nilihakikisha kwa macho na kwa kidole, kisha Baba naye akahakikisha. Chini ya kinga ya vifyatulio kuna wenzo mrefu. Ukiusukuma kulia, mitutu inainama mbele na nyuma yake inafunguka. Ukiurudisha, unabana zaidi na zaidi kama skrubu, kwa sababu makucha mawili ya ndani yamechongwa kwa mteremko. Mfumo huu ulipewa hataza ya Henry Jones wa Birmingham mwaka 1859, na mafundi wa bara zima wakauchukua. Ni wa polepole, lakini hata leo mitutu haina mtikisiko wowote. Niliweka karatasi nyembamba ya sigara kwenye maungio, nikafunga, na karatasi haikuvutika.

Kwetu Tanga, babu yangu alikuwa na gobori: baruti mdomoni, kitambaa, marisau, kitambaa tena, unashindilia kwa mti. Hii ni hatua moja mbele ya ile. Casimir Lefaucheux wa Paris ndiye aliyewaonyesha wawindaji wa Ulaya, katika miaka ya 1830, kwamba mtutu unaweza kukunjwa na risasi ikaingizwa kwa nyuma. Ya kwake ilikuwa na pini iliyochomoza pembeni mwa risasi. Hii ya Baba haina tundu la pini. Nyundo inapiga kimsumari kinachogusa katikati ya kitako cha risasi. Kwa hiyo ni ya kizazi kilichofuata.

Vipimo: mitutu sentimita 74, uzito kilo 3 kasoro kidogo, geji (kipimo cha upana wa mtutu) 16. Chumba cha risasi ni milimita 65. Mwenye bunduki kama hii alijue hilo. Risasi nyingi za leo za geji 16 ni za milimita 70; zinaingia bila shida, lakini ganda likifunguka halina nafasi, na shinikizo linapanda ndani ya chuma cha zamani. Hiyo peke yake ingetosha kuninyima hamu ya kuijaribu.

21 Oktoba

Siku nzima nimesoma mihuri, na imekuwa siku bora kuliko zote tangu nianze.

Juu ya bunduki hakuna jina la fundi. Kwenye ubavu wa juu, kati ya mitutu, kuna herufi za kuchonga zilizofutika nusu, na nadhani ni jina la duka. Jina la duka halikuambii aliyeitengeneza. Hapa Liège bunduki moja ilipita mikononi mwa mafundi wengi waliofanya kazi majumbani mwao: wa mitutu kwenye bonde la mto Vesdre, wa mitambo kwake, wa kitako kwake, wa kuchonga nakshi kwake. Mfanyabiashara aliunganisha kazi zao na kuweka jina, lake au la mteja wake. Kwa hiyo anayetafuta fundi mmoja wa bunduki ya Liège mara nyingi anatafuta mtu ambaye hakuwepo.

Lakini geuza mitutu juu chini, uvute taa karibu. Sehemu bapa, ile ambayo hukaa imefichwa ndani ya mwili wa bunduki, imejaa alama. Kuna duara refu lenye herufi ELG na nyota chini yake. Hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya Liège, iliyoanzishwa mwaka 1672 kwa amri ya mtawala wa mji, Askofu Maximilian Henry wa Bavaria, na ipo hadi leo. Mitutu ilijazwa baruti kuliko kawaida, ikapigwa, ikakaguliwa. Iliyovumilia ilipigwa muhuri. Pembeni kuna kinguzo kidogo kilichosimama juu ya vidaraja. Hicho ni Perron, nguzo ya mawe iliyoko uwanja wa soko mjini, ishara ya uhuru wa watu wa Liège. Mwaka 1467 Charles, mtawala wa Burgundy, aliuvunjia heshima mji huu kwa kuing'oa na kuipeleka Bruges. Ikarudi mwaka 1478. Nimepita mbele yake mara elfu nikienda kununua mboga, nami sikujua kwamba imepigwa chapa kwenye vyuma vilivyosambaa duniani.

Sasa hesabu. Duara la ELG halina taji juu yake. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo bunduki ilijaribiwa kabla ya hapo. Alama ya mkaguzi ni herufi yenye nyota juu yake. Kabla ya mwaka 1877 juu ya herufi hiyo kulikuwa na taji, si nyota. Kwa hiyo ni baada ya 1877. Nimebaki na miaka 16 tu ya kuchagua, na sijahitaji karatasi hata moja. Nilipomweleza Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema babu yake alizaliwa 1861. Basi ilikuwa bunduki ya kijana.

Kitu kingine ni kile kisichokuwepo. Hakuna simba mwenye taji na herufi PV, alama waliyopewa waliojaribu bunduki zao kwa baruti mpya isiyo na moshi. Mitutu hii ilipimwa kwa baruti nyeusi peke yake. Mtu akikuambia bunduki kama hii "bado inapiga vizuri", muulize alama hiyo iko wapi.

Chini ya mtutu wa kushoto nimeona namba mbili zinazotofautiana kwa sehemu za milimita: mdomo wa mtutu ni mwembamba kidogo kuliko shina, ili marisau yasitawanyike upesi. Wa kulia hauna. Kulia kwa ndege wa karibu, kushoto kwa anayekimbia.

22 Oktoba

Mitutu ina mawimbi. Chini ya kutu ya kahawia unaona viduara vidogo vinavyofuatana, vyepesi na vyeusi, kuanzia nyuma hadi mdomoni. Wanaviita kwa Kifaransa cha hapa crolle, yaani nywele za kujikunja. Ni chuma cha Dameski, ingawa Syria hakijawahi kuiona. Kilifuliwa kilomita chache kutoka hapa, Nessonvaux na vijiji jirani, kando ya mto Vesdre.

Namna kilivyotengenezwa naielewa kwa sababu nimekua nikiwaona bibi zangu wakishona mikeka. Fundi alipanga vipande vya chuma laini na chuma kigumu kwa zamu, akavichoma na kuvifua mpaka vikawa ufito mmoja. Akausokota ule ufito kama kamba. Akachukua fito mbili au tatu zilizosokotwa, akazilaza pamoja, akazifua ziwe utepe. Kisha akauzungusha utepe juu ya fimbo ya chuma, duru kwa duru, kama ukili unavyozungushwa kuwa kofia, na kila duru ikaunganishwa na jirani yake kwa moto na nyundo. Mwisho asidi ilikula chuma kimoja zaidi ya kingine, na nakshi ikatokea.

Hofu yangu ilikuwa moja. Bunduki za bei rahisi za wakati huo zilichapwa nakshi juu ya chuma cha kawaida, kwa karatasi na asidi, zipate sura ya Dameski. Kwa macho ya haraka zinafanana. Nilikaa na swali hilo tangu juzi, kisha nikakumbuka kazi yangu mwenyewe. Mteja akiniletea meza na kuapa kwamba ni mninga mtupu, siangalii juu ya meza. Naangalia ukingoni na chini, pale ambapo mwenye kubandika vinia nyembamba hakujali kubandika. Nikakiondoa kibao cha mbele, kile cha kushikia chini ya mitutu, nikasafisha kwa mafuta mepesi sehemu ndogo ya chuma iliyokuwa imefichwa, nikachukua kioo cha kukuzia.

Nyuzi zipo. Zinaendelea chini ya kibao, na kwenye sehemu bapa, pale tupa ilipokata chuma kwa mshazari, viduara vimepasuka vikawa mistari mirefu, sawasawa na mbao inavyobadilika sura ukiipasua upande mwingine. Nakshi ya kuchapa haiwezi kufanya hivyo. Nilimwita Baba aje aone. Alikuja na viatu vya bustanini, mama mkwe akalalamikia matope, hakuna aliyemsikiliza.

Kuna jeraha pia. Kwenye mtutu wa kulia, kama shubiri moja kutoka nyuma, mtu alipitisha msasa. Hapo pamebaki kijivu tupu, na pamezama kidogo kidole kikipita. Labda alikuwa anaondoa kutu na nia yake ilikuwa njema. Chuma alichoondoa hakirudi.

28 Oktoba

Jaribio fupi. Mitutu ikiwa imetolewa kwenye mwili, niliining'iniza kwa kamba kwenye ndoano yake ya chini, nikaigonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Ililia kama kengele ya shule, sauti ndefu na safi. Maana yake mbavu zilizounganisha mitutu hazijaachia lehemu. Zingekuwa zimeachia, ningesikia mlio mfu.

Lehemu hiyo ndiyo sababu ya onyo ninalolirudia kwa kila anayeniuliza: msitumbukize mitutu miwili ya zamani kwenye dawa ya moto ya kutia weusi. Dawa ile ni kali, hula lehemu na kujificha kati ya mitutu, halafu kutu inaanzia ndani mahali ambapo hakuna mkono unaofika.

4 Novemba

Mitambo. Sikulala vizuri jana nikiiwazia.

Vichwa vya skrubu za bunduki vina mfereji mwembamba kuliko skrubu yoyote ya dukani. Bisibisi ya kawaida inaingia nusu, inateleza, na inaacha kovu. Nilinoa tatu kwa tupa mpaka kila moja ikakaa kwenye skrubu yake bila mchezo. Nilitia tone la mafuta ya kupenya, nikasubiri siku mbili, nikatia tena. Skrubu mbili zilikubali. Ya tatu niliipasha moto kwa ncha ya pasi ya kulehemu, nikaiacha ipoe, ikakubali.

Mtambo wa kushoto ulitoka vizuri. Wa kulia niliuvuta kabla mbao haijaachia, na kipande cha mjozi chembamba kama ukucha kikabanduka ukingoni. Mimi, seremala, kwenye mbao. Nimekihifadhi ndani ya bahasha, na leo jioni nimekirudisha kwa gundi ya ngozi iliyopashwa moto, si gundi ya kisasa, ili siku nyingine fundi akitaka aweze kukifungua tena. Kimekaa. Ukijua mahali pa kutazama utaona mstari, na nimeuandika kwenye daftari ili asije mtu akadhani ni wa kale.

Ndani ya mtambo nilikuta mafuta yaliyogeuka kuwa lami. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanaizuia nyundo ya kushoto kurudi nyuma. Kwenye bunduki hizi nyundo ikishapiga inatakiwa kuruka nyuma kidogo yenyewe na kukaa mbali na kimsumari, jambo ambalo John Stanton wa Wolverhampton alilipatia hataza mwaka 1867. Nimesafisha kwa mafuta ya taa na kijiti cha mwanzi, chuma hakikuguswa na chuma. Springi kubwa, yenye umbo la V, sikuitoa. Imekaza kwa zaidi ya miaka 130 na haina ufa. Kuitoa kwa ajili ya kuiona tu ni kuihatarisha.

Wafaransa wanaiita nyundo hii mbwa. Wajerumani na Waingereza wanaiita jogoo. Baba anasema mbwa. Nikimwangalia yule wa kushoto akirudi mahali pake sasa kwa mlio mdogo, naona jina limempata.

Ili kuzishusha nyundo bila kuzigongesha kwenye chuma kitupu, nimechonga kwa mbao ngumu maganda mawili ya mfano yenye mpira laini kitakoni.

11 Novemba

Mbao. Hapa mikono yangu iko nyumbani, kwa hiyo nitaandika machache. Mafuta ya mitambo yalikuwa yamelowesha shingo ya kitako na kuilainisha. Nilipaka uji wa chaki nyeupe ya unga na asetoni, nikauacha ukauke, ukavuta mafuta na kugeuka wa kahawia. Mara nne. Miraba ya kushikia nimeisugua kwa mswaki, sikuichonga upya. Bonde moja dogo limepanda kwa kitambaa kibichi na pasi. Mafuta ya kitani, matone machache yaliyosuguliwa kwa kiganja, na kungoja. Vanishi haitagusa mbao hii.

18 Novemba

Tumekwenda jumba la makumbusho la Grand Curtius, ukingoni mwa mto Meuse, mimi na Baba. Mkusanyo wao wa silaha unatokana na makumbusho ya silaha ya mji, yaliyoanzishwa mwaka 1885, yaani wakati ambao bunduki yetu ilikuwa mpya au inafuliwa.

Nilisimama muda mrefu mbele ya bunduki nzuri zenye kulungu wa dhahabu ubavuni, lakini akili ilikuwa kwa gobori la babu. Liège ilitengeneza pia bunduki za bei ya chini kwa ajili ya Afrika, kwa wingi mkubwa. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza bunduki barani mwetu kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, isipokuwa zile za jiwe la kiberiti zenye mtutu usio na mifereji. Kwa hiyo babu wa Baba aliwinda kware kwa bunduki ya kufunguka kwa nyuma, na upande wetu watu wakaruhusiwa cha kushindilia kwa mdomo. Mkataba huo pia ulipinga biashara ya watumwa, na hilo sitalipunguza. Lakini nilimwambia Baba nilichokuwa nafikiri. Hakujitetea. Alisema kadi ya maelezo ya bunduki yetu iwe na ukurasa wa nyuma, na hilo liandikwe hapo.

25 Novemba

Shemeji amekuja chakula cha mchana. Anataka ule mtutu wa kulia urudishiwe nakshi. Inawezekana, na sikumficha: nyuzi za Dameski zimeingia ndani ya chuma, si rangi, na asidi ikipakwa kwa uangalifu zitajitokeza tena pale pa kijivu. Lakini lazima usawazishe kwanza, maana yake kupunguza chuma kingine, kwenye ukuta wa mtutu ambao mtu ameshaupunguza. Kisha utalazimika kupaka mitutu yote ili ifanane, na hapo rangi ya kahawia ya tangu enzi ya babu yake imekwisha. "Mnunuzi atataka ing'ae," akasema. Nikamjibu, "Shemeji, mnunuzi anayejua atageuza mitutu aangalie mihuri, na kila sentimita iliyong'arishwa atakata bei." Hakufurahi. Baba aliinua glasi yake, akasema bunduki haiuzwi, supu inapoa.

Jeraha linabaki.

2 Desemba

Kutu ya juu nimeimaliza kwa stiliwaya laini kuliko zote na mafuta mengi, nikisugua kufuata urefu wa mtutu, nikiacha mara tu kitambaa kilipoacha kutoka na wekundu. Kutu nyekundu imeondoka. Ile ya kahawia iliyokomaa nimeiacha, inalinda. Ndani ya mitutu kuna vishimo, vingi zaidi kulia, karibu na chumba. Nimevisafisha, sikuvikwangua.

Nta ya makumbusho, tabaka mbili nyembamba, chuma na mbao. Tunavaa glavu za pamba sasa. Mama mkwe ameshona mfuko wa kitambaa kisichotiwa rangi. Ule mfuko wa ngozi wa zamani tumeuweka mbali, kwa sababu asidi iliyotumika kuitengeneza ngozi hiyo ndiyo iliyochora kutu kwenye mtutu wa kushoto, mstari ulionyooka sawasawa na mshono wake.

Kabatini kuna kipima unyevu. Leo kinasoma asilimia 52. Baba ataandika namba hiyo kila Jumapili, na mwezi wa Aprili nitafungua tena kibao cha mbele, niangalie kile kidirisha nilichosafisha na ule mstari wa gundi.